Anayeacha Sigara Asiachwe Peke Yake

Mtu akitangaza kijiweni kwamba ameacha sigara, jibu la kwanza atakalolipata ni kicheko. Halafu watu wataanza kuwekeana dau kama atamaliza wiki. Kabla jua halijazama kutakuwa na rafiki yake wa siku nyingi anayemnyooshea sigara iliyokwisha kuwashwa, bure, na maneno juu: "Mwanangu, unajitesa nini? Piga pafu moja tu." Nyumbani nako, mke aliyelalamikia moshi miaka nenda miaka rudi anazipokea habari hizo kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kuzisikia: "Haya, tutaona." Wazee wanasema akiamua kweli ataacha. Kule zahanati, siku aliyokwenda na kikohozi, aliambiwa sigara itamuua, kisha akaitwa mgonjwa anayefuata.

Kila mmoja amesema lake, na mvutaji amebaki na kazi yote. Usiku wa siku ya tatu, arosto imembana na usingizi umepaa, hakuna hata mmoja wa hao aliye karibu naye.

Msimamo wangu ni kwamba tumemtwisha mtu mmoja mzigo wa kundi zima. Angalia alivyoanza. Ni nadra sana kumkuta mvutaji aliyeanza peke yake chumbani, baada ya kukaa na kutafakari. Pafu la kwanza alipewa nyuma ya choo cha shule na mwenzake aliyemzidi darasa. Au alitumwa dukani na mjomba wake, akaambiwa aje nayo imewaka. Au alianza kazi ya udereva akakuta kwamba habari zote za maana, nani anapewa gari jipya na nani amemuudhi tajiri, zinazungumzwa pale wanapovutia. Sigara ilikuja pamoja na urafiki, na kwa miaka kumi au ishirini imeng'ang'ania hapo hapo. Ukimwambia aiache, unamwambia pia abadilishe anapokaa, watu anaozungumza nao, na la kufanya na mikono yake anapongoja abiria. Nia peke yake haibebi yote hayo, hata iwe na nguvu kiasi gani.

Mwili nao una lake. Nikotini ikivutwa hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na hapo huamsha kemikali zinazomfanya mtu ajisikie ametulia. Baada ya saa mbili hivi, nusu ya ile iliyokuwa kwenye damu imekwisha kuondoka, na mwili unaanza kudai nyingine. Aliyekatisha ghafla huanza kuyaona mabadiliko ndani ya siku ya kwanza: anakuwa mwepesi wa hasira, akili haitulii, usingizi unakuwa wa mang'amung'amu, njaa haiishi. Siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu kuliko zote, kisha mambo hupoa taratibu kwa muda wa wiki tatu au nne. Lakini ile hamu yenyewe, inayomfanya mtu ainuke kwenye benchi kwenda dukani, huja na kuondoka. Kila ikija hukaa dakika tatu, ikizidi tano. Huo ni muda ambao mtu mwingine anaweza kabisa kukupatia. Anaweza kukupigia simu, kukusindikiza hadi kona ya barabara, au kubishana nawe kuhusu Simba na Yanga hadi ipite.

Asipokuwepo mtu wa kukupatia muda huo, hali inajulikana. Miongoni mwa wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, ni 3 hadi 5 tu katika kila 100 ambao huwa bado hawajarudia baada ya miezi sita hadi mwaka. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba zaidi ya asilimia 60 ya watumiaji wa tumbaku duniani, yaani zaidi ya watu milioni 750, wanataka kuacha, na kwamba asilimia 70 ya watumiaji hawana huduma ya maana ya kuwasaidia. Kwa hiyo yule tunayemcheka kijiweni hajapungukiwa nia. Amepelekwa peke yake kwenye jambo ambalo watu 95 kati ya 100 hushindwa nalo wakiwa peke yao.

Kuna ushahidi mzuri wa namna watu wanavyoachishana. Wakazi wa mji wa Framingham, Massachusetts, Marekani, wamekuwa wakifuatiliwa afya zao tangu 1948, na katika kumbukumbu zao kuna majina ya ndugu, marafiki na waajiri wao. Nicholas Christakis na James Fowler walichukua taarifa za watu 12,067 za kati ya 1971 na 2003, wakafuatilia nani aliacha sigara lini na nani alikuwa karibu naye. Matokeo yalichapishwa 2008. Mume au mke akiacha, uwezekano wa mwenzake kuendelea kuvuta ulishuka kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, asilimia 36. Mfanyakazi mwenza katika ofisi ndogo, asilimia 34. Ndugu wa tumbo moja, asilimia 25. Mtu anaweza kusema kwamba watu wenye tabia zinazofanana huchaguana wenyewe, na ni kweli kwa sehemu. Hata hivyo picha nzima haikanushiki: watu waliacha kwa makundi, kundi baada ya kundi, wakiwemo ambao hawakuwa wakifahamiana moja kwa moja. Na rafiki alimzidi ndugu wa damu.

Utafiti mwingine ulinigusa zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha UCL cha London walitoa matokeo ya kufuatilia wenza zaidi ya 3,700 wa umri wa miaka 50 na kuendelea nchini Uingereza. Wanawake waliokuwa wakivuta, ambao waume zao nao waliendelea kuvuta, ni asilimia 8 tu walioweza kuacha. Wale ambao waume zao hawakuwa wavutaji kabisa, walioacha walikuwa asilimia 17. Na wale ambao waume zao waliacha wakati huo huo, walifika asilimia 50. Tazama pengo hilo la pili. Kuishi na mtu msafi asiyegusa sigara kunasaidia kidogo. Kuacha pamoja na mtu ambaye naye anatoka jasho, ambaye naye amekosa usingizi jana, kunasaidia mara tatu ya hapo.

Sasa tulete hesabu hiyo kwetu. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima wa 2018 ulionyesha kwamba Tanzania asilimia 14.6 ya wanaume wanatumia tumbaku, na wanawake asilimia 3.2. Kenya, katika utafiti kama huo wa 2014, ilikuwa asilimia 19.1 kwa 4.5. Maana yake ni kwamba katika nyumba nyingi za kwetu mvutaji ni mume, na mke havuti. Mke hawezi kuwa mwenza wa kuacha naye kwa sababu hana cha kuacha. Yule anayeweza kuwa huyo yupo kijiweni, kwenye benchi lile lile, na sasa hivi ndiye anayemnyooshea sigara. Kampeni zetu zote, mabango, vipindi vya redio, hotuba za kila Mei 31, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, humzungumzia mvutaji na familia yake. Kijiwe hakizungumziwi, na hapo ndipo mahali penyewe.

Nawafahamu mafundi wawili wa gereji moja ya mtaani kwetu, mmoja wa umeme wa magari, mwingine wa kunyoosha bodi. Walivuta pamoja miaka mingi, tena mwezi ukiwa mbaya walikuwa wakipokezana sigara moja. Waliacha pamoja, kwa mpango walioubuni wenyewe. Walianza Jumatatu, mbali na mwisho wa wiki wa malipo. Kiberiti chao cha gesi walimkabidhi mama ntilie wa jirani, akawa anawashia jiko lake. Dogo wa gereji, ambaye kazi yake mojawapo ilikuwa kutumwa sigara, aliambiwa mbele ya watu wote: tukikutuma, usiende, hata tukikufokea.

Na walikuwa na bipu. Aliyebanwa na arosto alimbipu mwenzake, hata kama mwenzake yuko chini ya gari mita kumi kutoka pale. Huyo alitoka, wakaenda wote kwenye pipa la maji, wakanawa mikono kwa sabuni ya unga, taratibu, hadi kwenye viwiko, kama wanaojiandaa kula ubwabwa wa harusi. Mikono yenye povu na grisi haishiki sigara. Kazi hiyo huchukua dakika tano hivi, na ikiisha, mara nyingi hamu nayo imekwenda. Siku za mwanzo walinawa mpaka ngozi ikawapauka. Hawakuwa wakizungumza mengi pale pipani. "Kaka, vipi?" "Imekaba." "Itapita." Basi.

Kilichonivutia zaidi ni walivyowafanyia wenzao wa gereji ile ambao hawakuwa tayari kuacha. Hawakuwahubiria. Waliwaomba mambo mawili tu: wavutie upande wa pili wa ukuta, na wasiwape hata wakiomba, hasa wakiomba. Wenzao walikubali, wengine kwa kunung'unika. Naliona hilo kuwa ombi ambalo mvutaji yeyote anaweza kulitimiza bila kujibadilisha hata kidogo. Huwezi kuacha sigara kwa ajili ya rafiki yako, sawa, lakini unaweza kusogea hatua chache na kuunyima mkono wako ukarimu huo kwa mwezi mmoja.

Kuna jambo moja ambalo vijiwe vya kahawa vinapaswa kulijua, na sijalisikia likitajwa. Moshi wa sigara hulifanya ini liivunje kafeini haraka zaidi. Mvutaji akiacha, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na kikombe kile kile cha kahawa chungu alichokunywa miaka yote sasa kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Kafeini kwenye damu inaweza kufika maradufu na kuzidi. Mtu anakunywa vikombe vyake vinne vya jioni na kashata, moyo unamdunda, mikono inatetemeka, usiku halali, naye anadhani ni arosto. Anaona hatoweza, anarudia. Muuza kahawa akijua kwamba mteja wake ameacha sigara, ammiminie viwili badala ya vinne. Huo nao ni msaada, na hautaki cheti cha udaktari.

Wapo watakaosema kwamba mvutaji wa kwetu hawezi kuacha kwa kutegemea wenzake, kwamba tabia zetu haziko hivyo. Nawaomba waitazame Ramadhani. Kwa mwezi mzima, kuanzia alfajiri hadi magharibi, watu wa Tanga, Unguja, Mombasa na Kariakoo wanaovuta pakiti nzima kwa siku hukaa saa 13 na zaidi bila hata pafu. Imani ndiyo msingi wa jambo hilo, sina shaka. Lakini tazama pia mazingira. Hakuna anayekunyooshea sigara saa nne asubuhi. Benchi lote limefunga. Ukikasirika, mwenzako anakuelewa kwa sababu naye anajisikia vivyo hivyo, na anakwambia, "Vumilia, ndugu yangu, swaumu hiyo." Halafu adhana ya magharibi inaadhiniwa, mtu anafungua kwa tende na maji, na wengine sigara inafuata kabla hata ya uji. Saa zile 13 zilikuwa na watu wa kumshika, usiku hauna. Imamu anayeweza kuwaita wavutaji wa msikiti wake wiki moja kabla ya mwezi mtukufu, akawapanga wawili wawili, waulizane baada ya tarawehe, atakuwa ametumia nafasi iliyokwisha kujengwa. Paroko anaweza kufanya vivyo hivyo na Kwaresima.

Tukirudi nyumbani: mke au mume asiyevuta ana nafasi yake, ingawa ni tofauti na tunavyodhani. Watafiti wamejaribu mara kadhaa kuwafundisha wenza wa wavutaji namna ya kuwaunga mkono, na mapitio ya majaribio hayo hayakuonyesha faida ya wazi ya muda mrefu. Silioni hilo kuwa la kukatisha tamaa. Linatuambia kwamba kusimamiwa na mtu wa ndani hakutoshi, na kukikaribia kuwa upelelezi kunaharibu. Mume anayenuswa shati kila akiingia mlangoni atajifunza kutafuna karafuu, basi. Kuuliza kuna faida pale mtu anapoweza kujibu ukweli bila kuadhibiwa. "Baba watoto, leo ilikuwaje?" ni swali zuri. Jibu likiwa "Nimevuta moja," na mke akaweza kunyamaza kidogo kisha akauliza ilikuwa saa ngapi, nyumba hiyo imempa mtu huyo sababu ya kusema ukweli kesho pia.

Familia pia ijue dalili, maana hapa wengi huharibu bila kukusudia. Katika wiki za mwanzo kikohozi cha baadhi ya watu huzidi, kwa kuwa mapafu yanaanza upya kujisafisha. Vidonda vidogo hutokea kinywani. Choo kinakuwa kigumu. Uzito huongezeka, kwa wastani kilo nne hadi tano katika mwaka wa kwanza. Nimewasikia watu wakimwambia mtu kama huyo, kwa nia njema kabisa, kwamba sigara ndiyo iliyokuwa ikimtibu na arudi nayo kidogo kidogo. Ni kauli mbaya kuliko zote unazoweza kumwambia mtu wa wiki ya pili.

Na isiwe kwamba mzee aachwe tu kwa sababu ameshazoea. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa na Richard Doll na wenzake kuanzia 1951 hadi 2001 waliacha kumbukumbu iliyo wazi: mvutaji wa maisha yote alipoteza takribani miaka 10 ya umri wake. Aliyeacha akiwa na miaka 30 alirudishiwa karibu yote. Wa miaka 40 alirudishiwa 9, wa 50 miaka 6. Na wa miaka 60 alirudishiwa 3. Kwa babu mwenye miaka 60, miaka mitatu ni wajukuu kumfahamu kwa jina.

Wanawake wanaovuta wana shida yao ya pekee. Mwanamume akiacha, anachekwa; mwanamke hawezi hata kusema kwamba anaacha, maana itabidi kwanza akiri kwamba alikuwa akivuta. Anavutia bafuni, anafukiza udi, anaacha na kurudia bila mtu kujua, na arosto yake inaitwa hasira za kike. Wapo pia mabibi wa ugoro, ambao kila mtu anajua na hakuna anayeona kuwa ni tumbaku. Mwanamke wa namna hiyo anahitaji mtu mmoja wa siri, dada, shoga, muuguzi, ambaye hatamhukumu. Hata nikikosa jibu kubwa kwa ajili yake, angalau nisiandike kana kwamba hayupo.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya kijiwe. Tanzania iliuridhia Mkataba wa WHO wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, Kenya mwaka 2004, na Ibara ya 14 ya mkataba huo inazungumzia moja kwa moja kuwasaidia watu kuacha. Plasta za nikotini za kubandika mkononi na bigijii zenye nikotini huongeza uwezekano wa mtu kuacha kwa asilimia 50 hadi 60, na WHO iliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Julai 2024 shirika hilo likatoa mwongozo wake wa kwanza wa matibabu ya kuacha tumbaku kwa watu wazima. Kazi ya kuzifikisha dawa hizo hadi zahanati ya kata ni ya Wizara ya Afya, na hakuna urafiki wa kijiweni unaoweza kuifanya.

Lakini hata bila dawa, mhudumu wa afya ana dakika mbili. Mwaka 1979 Michael Russell na wenzake walionyesha, kwa wavutaji zaidi ya 2,000 wa kliniki za London, kwamba daktari akimshauri mgonjwa kuacha, akampa karatasi ya maelekezo na kumwambia atafuatiliwa, asilimia 5.1 walikuwa wameacha baada ya mwaka, dhidi ya asilimia 0.3 ya wasioshauriwa. Nadhani uzito uko kwenye neno la mwisho la daktari: atafuatiliwa, yupo mtu atakayeuliza. Nchi yetu inajua hilo kuliko nyingi. Mpango wa kifua kikuu ulioanza Tanzania 1977, alipofanya kazi daktari Karel Styblo, ulikuwa mfano ambao dunia iliufuata, na kiini chake ni kwamba mgonjwa hamezi dawa peke yake. Yupo mtu anayemshuhudia. Leo kliniki ya kifua kikuu humuuliza mgonjwa nani atamsimamia. Kuvuta sigara huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu takribani mara mbili, kwa hiyo mvutaji huyo tayari yuko kwenye foleni hiyo. Aongezewe swali moja: unavuta na nani? Na mwito wa kliniki umfikie huyo anayevuta naye pia.

Visiwani Zanzibar, nyumba za soba zimewatoa vijana wengi kwenye heroini kwa njia hiyo hiyo: aliyetangulia kupona anakaa na anayeanza, usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jamii imekwisha kuona kwamba inawezekana. Kwa sigara, ambayo pamoja na tumbaku nyingine huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, bado tunamwambia mtu akajikaze.

Fedha pia zinaweza kushikwa kwa pamoja. Tuseme sigara moja ni shilingi 250 na mtu anavuta kumi kwa siku. Ni shilingi 75,000 kwa mwezi, zaidi ya laki tisa kwa mwaka. Kule Mindanao, Ufilipino, benki moja ilifungua akaunti ambamo mvutaji aliweka fedha kwa miezi sita. Akipimwa mkojo na kukutwa na nikotini, fedha zote zinakwenda kwenye msaada. Waliopewa nafasi hiyo waliacha zaidi ya wenzao, na tofauti ilikuwepo hata walipopimwa tena kwa kushtukizwa baada ya mwaka. Haikuwa tofauti kubwa, pointi tatu hivi za asilimia. Sisi tuna vikoba na upatu katika kila mtaa, watu wanaokutana kila wiki na kujuana hadi rangi ya mlango. Kikoba cha bodaboda kikiamua kwamba hela ya sigara ya wanachama watatu iwekwe mezani kila Jumamosi, mbele ya wote, kitakuwa kimeleta kile ambacho benki ile haikuwa nacho.

Na kuna dirisha la duka. Kila mvutaji wa mjini analijua: pakiti imefunguliwa, sigara zinauzwa moja moja, kiberiti kimening'inizwa kwa kamba kwenye nondo ili mteja awashe hapo hapo. Sheria ya Kenya ya 2007 inakataza kuuza moja moja, na mkataba wa WHO unazitaka nchi zijitahidi kufika huko. Wakati tukisubiri, kuna kitu kidogo kinachowezekana leo. Wavutaji wengi hukopa, majina yao yamo kwenye daftari la Mangi, mwenye duka. Anayeacha aende akalipe deni la sigara, jina lake likatwe mbele yake, na amwombe Mangi asimkopeshe tena kwa ajili hiyo. Mangi atapoteza mauzo kidogo. Mteja huyo huyo atanunua mkate na sukari kwake kwa miaka mingi zaidi.

Yule fundi wa umeme alirudia. Alikwenda kwao kuzika, akakesha na binamu zake, na kwenye mkesha sigara hugawiwa pamoja na kahawa. Alirudi mjini akivuta, akawa anapitia mlango wa nyuma wa gereji asikutane na mwenzake. Mwenzake alimfuata. Hakumwambia, "Si nilijua." Alimuuliza alikuwa na nani, saa ngapi, na nani aliitoa ya kwanza. Wakagundua kwamba hatari yake yote iko kwenye misiba ya nyumbani, kwa binamu wale wale, baada ya saa sita usiku. Wakapanga kuanza upya Alhamisi ya wiki ile ile, na kwamba akienda tena kijijini atampigia binamu mmoja kabla ya kupanda basi, amwambie mapema kuwa ameacha, na aombe wakae pamoja mkesha mzima. Binamu alikubali kwenye simu. Sharti lake likawa kwamba naye, akiamua kujaribu, apewe ruhusa ya kubipu.